Glavu Zilizofunga Ndoa Mara Sitini na Tatu

Glavu za Masika zilikuwa zimefunga ndoa mara sitini na tatu, na hazikuwahi kuguswa na maji hata mara moja.

Hilo la pili mjini Butembo alilijua Masika peke yake, na huko Beni alilijua mdogo wake Sophie. La kwanza alilijua kila mtu, kwa kuwa Masika hakuchoka kulitangaza. Alikuwa mjane mwenye kukodisha nguo za arusi katika chumba cha mbele cha nyumba yake: magauni manne, shela sita, viatu vyeupe vya kila ukubwa, na hizo glavu. Zilikuwa za satini, ndefu kupita viwiko, na vifungo vidogo kama punje za mtama vilipanda kifundoni. Marehemu mumewe alizileta kutoka Kampala. Tangu hapo msichana aliyetaka aonekane bibi arusi kweli hakuuliza gauni kwanza. Aliuliza kama zile glavu zina nafasi Jumamosi.

Mteja akitaka kujua kama ni safi, Masika alikuwa na jibu moja, na alilitoa kabla swali halijaisha: "Ni safi, mama. Zilifuliwa jana."

Ukweli ni kwamba satini ile iliogopa maji. Jozi ya kwanza aliyoletewa na mumewe ilifuliwa siku moja tu, ikageuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Masika akaapa kwamba jozi ya pili haitalowa. Akabuni ujanja wake: unga wa muhogo, ule laini kabisa, uliochekechwa mara tatu kwa kitambaa. Alimimina unga ndani ya glavu, akaingiza mkono wake, akasugua kidole kimoja baada ya kingine, kisha akaipindua na kuikung'uta uani. Unga ulifyonza jasho, mafuta, na manukato ya bibi arusi aliyetangulia. Glavu zilitoka nyeupe kama mpya. Katika mji ambao unga wa muhogo ndio bundu, ugali wa mchana, na ndio gundi ya kubandikia matangazo ukutani, nani angemlaumu mjane kwa kuupa kazi ya tatu?

Aliyemshikia bakuli la unga katika miaka ya mwanzo ni Sophie. Mama yao alifariki kule Lubero Sophie akiwa hajatimiza mwaka, na Masika, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, akamfunga mgongoni kwa kitenge na kwenda naye mashambani kuvuna viazi. Waliowaona walidhani ni mtoto wake, naye hakuwakosoa. Alipoolewa Butembo alikwenda naye. Akamsomesha, akamwoza kwa Gamaliel, shemasi wa kanisa la Kiprotestanti mjini Beni, na siku ya arusi Sophie alivaa glavu zilezile bila kulipa chochote. Watu wakisema damu ni nzito kuliko maji, Masika alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari zake mwenyewe.

Basi Sophie alipompigia simu kuomba glavu kwa ajili ya Christa, dada mdogo wa Gamaliel aliyekuwa anaolewa Jumamosi ile, Masika hakuwaza mara mbili. Alizifunga katika mkebe wa biskuti, akampa jirani yake Jamali, Mwislamu mwenye gari dogo la abiria linalokwenda Beni asubuhi na kurudi jioni. Jumanne iliyofuata Jamali aliurudisha mkebe.

"Mama Providence, mudogo wako anakusalimia sana," alisema. "Anasema aliziweka ku jua siku mbili."

Masika alifurahi. Hakuna mteja aliyewahi kumwekea glavu juani. Alisema peke yake kwamba malezi mema hayapotei, akachukua bakuli lake la unga.

Glavu ya kushoto ilikwenda vizuri. Katika ile ya kulia unga uligandamana. Ndani ya kiganja na kwenye kidole cha pete palikuwa na vijiganda vidogo vya manjano vilivyoshika kitambaa kama gundi kavu. Masika alivitazama, akaamua kuwa ni sukari ya keki. Akavikwangua kwa kijiti cha kibiriti, akakung'uta, akapuliza, akaongeza unga. Zikang'aa.

Safari hii alikuwa na sababu ya kuzing'arisha. Providence, binti yake wa pekee, alikuwa ameposwa na Siméon, fundi wa simu, na ndoa ilibakiza wiki tatu na siku chache. Arusi ya sitini na nne ingekuwa ya nyumbani. Jioni ile na iliyofuata Providence alizivaa ili azizoee, akatembea nazo sebuleni, akalisalimia kabati kwa adabu kama vile ni baba mkwe. Mama yake alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Siku ya kumi na mbili Providence aliamka na homa. Kesho yake tezi za shingo zilivimba. Kisha kiganja cha kulia kikatoa vipele vitatu vyenye maji, na vingine vikafuatana kwenye mkono kuelekea juu, na juu kidogo ya kiwiko vikakoma, pale pale satini ilipokuwa inaishia. Masika aliuona mpaka ule. Mtu anaweza kuona jambo na papo hapo akalifungia mlango, na Masika aliufunga wa kwake kwa komeo.

Mwaka huo mpox ilikuwa inatembea katika vitongoji, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kubahatisha. Kwenye kituo cha afya Providence alilazwa katika hema lililozungushiwa kamba, akachukuliwa kipimo. Muuguzi aliyeitwa Ananie, kijana mpole mwenye kalamu masikioni pande zote mbili, alikaa nje ya kamba na daftari lake, Masika kando yake, akaanza kuuliza.

"Nyumbani kuko mutu mwingine mugonjwa? Mwenye homa, mwenye ma-boutons, vipele?"

"Hakuna."

"Alilala ku kitanda ya mutu? Alivaa nguo ya mutu, serviette ya kuoga, shuka? Munisikilize muzuri, mama. Ile bugonjwa haikae ku mutu tu. Kipele inapasuka, maji yake inakauka mu kitambaa, ngozi inaanguka kidogo kidogo. Utaangalia nguo, utasema iko safi. Lakini ule mududu iko mule ndani, inangojea mukono."

Masika aliona vile vijiganda vya manjano kana kwamba viko juu ya daftari la muuguzi. Akaona na mengine: wateja wakirudi mlangoni kumuuliza kuhusu dada zao, jina lake likisagwa sokoni, chumba cha mbele kikibaki kitupu. Tangu Ebola mji mzima ulikuwa umejifunza kunawa mikono. Ndoo yenye bomba ilikaa mbele ya kila duka, na ya Masika ilikuwa nzuri kuliko zote mtaani. Watu wangesema nini wakijua kwamba baada ya kunawa aliwavalisha unga?

"Kwangu kila kitu inafuliwa, muganga," alisema. "Ile njo kazi yangu."

Providence, ndani ya hema, alisikia na kuitikia kwa kichwa. Alikuwa anamwamini mama yake.

Ananie aliandika. Kisha akashusha sauti, kwa sababu swali lililofuata halikuwa tamu, akauliza kuhusu Siméon. Siméon akaitwa. Akapimwa homa, akavuliwa shati, akatazamwa kila mahali. Hakuwa na kipele hata kimoja. Jibu la kipimo cha Providence lilipofika, likathibitisha mpox, na hapo hesabu ya walimwengu ikaanza. Kama nyumbani hakuna mgonjwa, na nguo zote zinafuliwa, na mchumba ni mzima, basi msichana ameutoa wapi ugonjwa?

Aliyekuja na hesabu hiyo mlangoni kwa Masika ni Mama Vagheni, mama yake Siméon. Hakuketi. Alisimama kizingitini na mkoba wake kifuani.

"Mama Providence, mimi sikukuja kugombana," alisema. "Muganga anasema ile kitu inashikaka batu ba kitanda moja. Mutoto yangu hana kitu. Basi kuko kitanda ingine."

"Mutoto yangu hapana mutu wa vile. Unamujua tangu alikuwa mu chorale ya kanisa."

"Nilikuwa namujua. Lakini nilipiga simu Beni, kwa mama mudogo yake, nikamuuliza kama mutu wa famille. Alisema nini? Alisema batoto ya leo, hakuna mwenye anaweza kuwaapia." Mama Vagheni alivuta pumzi. "Kama mama mudogo yake mwenyewe hawezi kumuapia, mimi nitamuapia kwa nini? Tutangoja mupaka Jumapili ingine. Kama hakuna maelezo, mbuzi zetu zitarudi."

Akaondoka, bila hata kukubali maji ya kunywa. Masika alibaki ameshika kikombe. Tusi la Mama Vagheni halikumuuma sana. Mkwe ni mtu wa nje, ana haki ya kuogopa. Lililomkata maini ni neno la Sophie. Mtoto aliyekojoa mgongoni mwake miaka miwili alikuwa ameulizwa habari za Providence, naye hakuweza kusema hata "namjua".

Jioni ile Jamali alipita kutoa pole. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na kwa kuwa hakujua la kusema juu ya ugonjwa, akasema juu ya arusi.

"Banaprotestanti muko na heshima," alisema. "Ile siku ya mariage ya Christa, Gamaliel alinialika. Bibi arusi hakutoa zile gants zako ku mikono hata kidogo. Alikula nazo, alisalimia nazo, hata wakati ya kulisha bazazi gâteau, ile keki. Mimi niliambia bibi yangu Rachida, ona, njo desturi yabo. Rachida akasema hapana, alimuona nyuma ya nyumba, alikuwa anajikunakuna ku mikono kama mutu wa upele."

Masika aliketi. Ule mlango aliokuwa ameufunga kwa komeo ulifunguka wenyewe.

Asubuhi alipanda gari la Jamali. Kabla ya kutoka alipita kituoni kupimwa homa, kama Ananie alivyomwagiza afanye kila siku; hakuwa na homa wala kipele. Gari liliteremka kutoka kwenye baridi ya Butembo kuelekea joto la Beni, likasimama kwenye vizuizi, likapita mashamba yenye kakao iliyoanikwa kwenye turubai kando ya barabara. Abiria walibishana kuhusu bei yake. Njia nzima Masika alikuwa anatafuta udhuru wa Sophie. Huenda hakujua. Huenda Christa aliwaficha wote. Alizipanga huenda hizo moja baada ya nyingine kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni, na moyoni alimwomba Mungu Nyamuhanga iwe mojawapo.

Sophie alikuwa uani akichagua maharagwe. Alipomwona dada yake alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge, na badala ya kuja kumkumbatia akarudi hatua moja nyuma.

"Karibu, yaya, dada yangu. Ikala pale ku kiti. Sitakupatia mukono, niko na grippe kidogo."

Hakuwa na mafua yoyote. Masika alimtazama akiwa amesimama mbali hivyo, na zile huenda zote zikaisha palepale. Mtu asiyejua angemkumbatia.

"Christa alikuwa na nini ku mikono?" aliuliza.

"Nani alikuambia?"

Asiye na hatia angeuliza mikono gani. Sophie mwenyewe alitambua kosa lake, akaketi.

"Yaya, sikiliza. Ile mariage ilisongeshwa mara mbili juu ya vita. Bakwe walisema mara ya tatu banaikata. Ma-boutons ilitoka siku ine tu mbele ya Jumamosi, ku mikono kwanza. Kama tungemupeleka kwa muganga, wangemuweka mu tente. Gamaliel alisema tungoje, itapita. Na imepita. Christa iko kwa bwana yake, anapona, hakuna mwenye alikufa."

"Ukanipigia simu."

"Gants njo ya kufunika mikono, yaya."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayeeleza matumizi ya ufagio, na Masika alitamani angepigwa kofi badala ya kusikia sauti ile tulivu.

"Na kunirudishia? Ulijua Provi anaolewa. Ulijua atazivaa."

"Nilifikiri utamununulia mupya. Nani anavalishaka mutoto yake nguo ya location, ya kukodisha?" Sophie alitazama maharagwe. "Niliziweka ku jua. Nilisali juu yake. Nilikuwa nataka kukuambia, Gamaliel akasema siri ya nyumba haitokake inje."

"Nyumba gani? Nyumba yako ya kwanza ilikuwa mugongo yangu."

Sophie aliokota haragwe bovu, akalitupa kando.

"Na Mama Vagheni alipokuuliza? Ulikuwa unajua ile bugonjwa inatoka wapi. Ulikuwa unajua, ukaacha mutoto yangu aitwe malaya."

"Sikusema vile."

"Ulisema nusu. Ile nusu ingine ulimwachia amalize mwenyewe."

Hapo Sophie aliinua uso, na Masika akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona pale katika miaka yote ya kumlea: woga uliokwishageuka ukaidi.

"Na wewe, yaya? Miaka yote ile unaambia batu zimefuliwa jana. Mimi njo nilikuwa nashika bakuli ya bunga. Kama ungezifua na maji ya moto na sabuni hata mara moja wakati zilirudi, ule mududu ungekufa na Provi angekuwa muzima. Gamaliel anasema, kama unatoa yetu, na sisi tunatoa yako. Mupaka Oicha watajua."

Waswahili walisema zamani, kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa wanasema juu ya ndugu. Masika alikuwa na ndugu, na nguo pia alikuwa nazo. Aliinuka, akaacha maji aliyotengewa, akatoka. Barabarani alisimama kumngoja Jamali na akalia hadharani, mama mzima na mkoba wake, huku wapanda kakao wakimpita na kujifanya hawaoni. Alilia kwa sababu ya usaliti wa Sophie. Alilia zaidi kwa sababu katika yote Sophie aliyosema, la bunga lilikuwa kweli.

Mnadhani alirudi Butembo akaenda moja kwa moja kwa Ananie? Hapana. Woga ni mshauri mwenye subira. Siku ya kwanza alisema apumzike. Ya pili alisema Providence anapata nafuu, vipele vinakauka, ukweli hautavikausha haraka zaidi. Kila siku alipeleka uji kituoni, akaukabidhi kambani, na kila siku Providence aliuliza kama Siméon amekuja. Alikuwa hajaja. Mama Vagheni alimzuia.

Siku ya tatu mchana aliingia mteja kutoka Luofu, mwanamke mkulima mwenye vumbi la safari miguuni, akimtafutia binti yake vazi. Alichagua gauni, akachagua shela. Kisha akaona mkebe wa biskuti juu ya rafu, maana sifa zake zilikuwa zimefika hata Luofu.

"Na zile gants? Binti yangu alisema nisirudi bila hizo."

Masika alizoea kazi yake mno. Mkono ulishusha mkebe na kuuweka mezani kabla yeye mwenyewe hajakata shauri. Glavu zilikuwa zimelala ndani, nyeupe, zimekunjwa vizuri.

"Zinapendeza," mwanamke alisema. "Ziko safi?"

"Ni safi, mama. Zilifuliwa..."

Alijisikia. Kwa mara ya kwanza katika ndoa sitini na tatu aliisikia sauti yake mwenyewe, na ilikuwa ileile ya Sophie akisema kazi ya glavu ni kufunika mikono. Mkono wa mteja ulikuwa tayari umenyooshwa. Masika alifunga mkebe kwa kishindo kiasi kwamba mwanamke yule alishtuka.

"Usiguse," alisema. "Si safi. Hazijafuliwa hata siku moja. Zimelaza mutoto yangu hospitalini."

Alimwosha mteja mikono mwenyewe, kwa sabuni, ingawa hakuwa amegusa kitu, akamwomba radhi na kumsindikiza mpaka njiani. Kisha akaufunga mkebe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, akaubeba hadi kituoni, akauweka chini mbele ya Ananie na kueleza yote: unga, vijiganda vya manjano, jioni mbili za kuzivaa, bibi arusi wa Beni. Ananie hakumkaripia. Alivaa glavu zake za mpira, akachukua mkebe na kuupeleka kuchomwa, kisha akapiga simu Beni ili Christa na mumewe wafuatiliwe.

"Siku ile nilikuuliza, mama," alisema tu aliporudi. "Nilikuuliza nguo."

Kutoka pale Masika alikwenda kwa Mama Vagheni. Alimkuta na Siméon wakila. Aliwaeleza akiwa amesimama, hakupunguza neno, na alipofika kwenye unga wa muhogo Mama Vagheni aliweka tonge chini, kwa kuwa hata yeye mwenyewe, miaka ishirini na mitano iliyopita, alikuwa ameolewa kwa nguo za kukodi. Siméon hakungoja mwisho. Alichukua koti lake akakimbilia kituoni, na jioni nzima alikaa nje ya kamba akizungumza na mchumba wake kwa sauti kubwa ili kila mpita njia asikie.

Sophie naye alitimiza ahadi yake. Kufika Jumapili mji wote ulikuwa na habari ya unga, na barabarani watoto walimwita Masika Mama Bunga. Chumba cha mbele kilinyamaza. Hilo alilitarajia, na alilibeba.

Asilolitarajia lilikuwa kambani, asubuhi ya Jumatatu. Providence alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, magamba yakianza kudondoka mikononi. Hakuupokea uji.

"Mama. Siku ile muganga aliuliza nguo, na wewe ulisema kila kitu inafuliwa. Ulikuwa tayari unajua?"

Njia ya kutokea ilikuwepo. Masika angeweza kusema hakujua mpaka Jamali alipokuja. Ingeaminiwa, na kwa kipimo fulani ilikuwa nusu ya ukweli. Lakini alikuwa ametoka juzi kumlaumu mtu kwa kusema nusu.

"Nilikuwa najua," alisema. "Niliona pale gants iliishia ku mukono yako."

"Siku tisa," Providence alisema. "Siku tisa baliniita malaya, na wewe ulikuwa unaniletea uji." Hakupaza sauti. "Ambia Mama Vagheni, kesho yeye njo alete."

Na Mama Vagheni, aliyekuwa ameona haya kwa maneno yake ya kizingitini, akaleta, kesho na kila siku mpaka kamba ilipoondolewa.

Ndoa ilifungwa miezi miwili baadaye. Gauni lilishonwa jipya na shangazi zake Siméon. Siku chache kabla, Jamali alileta kifurushi kutoka Beni: glavu mpya, bado zimo katika plastiki ya dukani. Providence alisoma jina la aliyetuma, akamwomba Jamali azirudishe. Aliingia kanisani mikono mitupu, makovu madogo meupe yakionekana kiganjani kila alipopunga, na hakuna aliyeweza kusema hakupendeza.

Ukafika wakati wa keki. Bibi arusi hulisha wazazi kwa mkono wake, ndiyo desturi. Providence alianza kwa baba mkwe, akakata kipande kwa vidole, akamtilia kinywani. Akamlisha Mama Vagheni vilevile, na mama huyo akamlamba kidole kwa utani, watu wakapiga vigelegele. Kisha akasogea mbele ya mama yake, aliyekuwa amekaa wima katika kiti cha mwisho na kitenge chake kipya, akingoja.

Providence alisita. Akachukua sahani mezani, akachukua na uma. Akaufuta uma kwa kitambaa, taratibu, meno yote manne, akachoma kipande cha keki na kukinyoosha mbele.

"Ni safi, mama," alisema. "Ilioshwa jana."

Masika alifungua kinywa akapokea, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.